Je, Wajua? Jora la Japani, Pamba ya Bariadi na Nguo za Jua Kali

Mwezi wa kumi jua la Bariadi halina utani. Masalia ya pamba yameshang'olewa na kuchomwa moto, mvua za vuli bado zinasuasua, vumbi limetawala, na mafundi cherehani wanaulizwa swali lile lile kutwa: nishonee nini kisichonipika? Safu ya leo imelifuata jibu hadi Japani na kurudi nalo Simiyu.

Je, wajua kwamba joto la Bariadi na joto la Tokyo ni maadui wawili tofauti? Bariadi haifiki nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na iko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi chetu ni kikavu. Jasho hukauka hata hujalifuta. Tokyo, mwezi wa saba na wa nane, hewa imejaa unyevu na jasho halina pa kwenda. Ndiyo maana wafumaji wa Kijapani walihangaika vizazi kwa vizazi kutafuta kitambaa kisichoganda mwilini, wakati huku adui ni jua lenyewe. Kwa maoni yangu, vitambaa vya vijikunjo walivyovipata vinamfaa zaidi mtu wa Tanga, Dar es Salaam au Unguja. Mtu wa Bariadi ana chake, nakuja nacho.

Je, wajua kwamba kimojawapo cha vitambaa hivyo vya vijikunjo kinasimuliwa kuwa kilizaliwa kwa kunyeshewa? Huko Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, wanamtaja mwanamke aliyeitwa Kaifu Hana. Katika miaka ya 1860 kitambaa chake kilisahauliwa nje, mvua ikakipiga, kisha jua likakikausha. Kikarudi na vilima vidogo vidogo. Mwingine angenuna; yeye akakaa kuchunguza kilichotokea. Siri iko kwenye mkazo wa nyuzi: mtande ukiwa na nyuzi zilizokazwa na nyingine zilizolegea, kitambaa kikipata maji moto na kukauka, zile zilizolegea hujikunja. Leo kinaitwa Awa shijira-ori. Ukikivaa, vilima tu ndivyo vinavyogusa ngozi, na hewa hupita mabondeni. Pasi ya mkaa ikae mbali nacho, maana ukikinyoosha umeua kazi yote.

Kuna kingine kinaitwa Ojiya-chijimi, cha mkoa wa Niigata. Hakifumwi kwa pamba bali kwa nyuzi za mmea wa rami, kisha hutandazwa juu ya theluji chini ya jua la mwisho wa baridi mpaka kiwe cheupe. UNESCO ilikiandika mwaka 2009 kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, pamoja na nduguye Echigo-jofu. Bei yake ni vizuri isitajwe mbele ya mkulima aliyetoka kupima pamba juzi.

Na hiki ndicho cha Bariadi: shashi ya tabaka mbili. Ni vitambaa viwili vyepesi vya pamba, vilivyofumwa pamoja na kushikana kwa vinundu vichache tu, hewa ikibaki katikati. Eneo la Mikawa, mkoa wa Aichi, lina jina kubwa kwa shashi za tabaka nyingi. Kadiri unavyokifua ndivyo kinavyolainika. Uzuri wake kwetu ni kwamba unaweza kushona mikono mirefu na bado usipikike, na chini ya jua la Usukumani mikono mirefu ni kivuli unachotembea nacho. Ubaya wake ni kufumuka pembeni. Mwambie fundi aache sentimita 1.5 za mshono, ashone mara mbili ncha zikiwa zimefichwa ndani. Fundi asiye na oveloki asiguse shashi bila kufanya hivyo.

Je, wajua kwamba nguo nyeusi haikupiki kama unavyodhani, ilimradi iwe pana? Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya Mabedui na majoho yao meusi jangwani. Joho jeusi lilinyonya joto zaidi kuliko jeupe, hilo ni kweli, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa. Kitambaa kikipata moto, hewa ya ndani hupanda na kutokea juu, na hewa nyingine huingia kwa chini. Kwa hiyo dera jeusi linalopepea linaweza kukufaa kuliko blauzi nyeupe iliyokubana. Wanaobishana kuhusu rangi wangeanza kwanza kubishana kuhusu vipimo.

Je, wajua shati la maua, lile la likizo ambalo dunia nzima inalijua kwa jina la Hawaii, lilianzia kwenye vitambaa vya Japani? Wahamiaji wa Kijapani walifika Hawaii kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na mafundi wao wa Honolulu wakaanza kukata mashati kutoka kwenye vitambaa vya kimono na yukata. Duka la fundi mmoja, Musa-Shiya, lilitangaza mashati ya "aloha" gazetini mwaka 1935. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Ellery Chun, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya China, akaanza kulisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara. Kitambaa cha Kijapani, ushonaji wa wageni, soko la watalii wa Kimarekani. Shati la kitenge linalovaliwa ofisini kila Ijumaa ni binamu yake.

Kwa habari ya ofisi: mwaka 2005 serikali ya Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz. Viyoyozi viwekwe nyuzi 28, tai zivuliwe, koti libaki nyumbani. Waziri Mkuu Koizumi mwenyewe akaonekana bila tai. Huko Okinawa, ambako joto linakaribia la kitropiki, walishaanza zamani na shati lao la kariyushi. Viongozi wa mataifa makubwa walivalishwa mashati hayo kwenye mkutano wao wa mwaka 2000 kisiwani humo. Sisi tulio jirani na ikweta bado tuna watu wanaofunga tai ya poliesta saa saba mchana.

Je, wajua kwamba huenda kanga ya bibi yako ilichapwa Kyoto? Hapa nitakaa kidogo.

Kanga tunayoijua, yenye pindo, mji na jina, ilianza kuchapwa viwandani Ulaya katika miaka ya 1880, hasa Uholanzi, kwa ajili ya soko la Zanzibar na Mrima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hiyo ikahamia kwa kiasi kikubwa Japani, na kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970 majora kwa majora yalitoka huko. Kampuni ya Daido-Maruta ya Kyoto, mji wa kimono, ilikuwa ikichapa vitambaa vya soko la Afrika, kanga zikiwemo, na sampuli zake zimehifadhiwa hadi leo. Michoro na maneno yalitoka huku Pwani. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887 na ambalo wanawake wanalijua kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakibuni na kuagiza. Fikiria fundi wa Kyoto anayepanga herufi za methali ya Kiswahili asiyojua hata neno moja, na mwanamke wa Bariadi anayempelekea wifi yake ujumbe huo huo.

Je, wajua kwamba biashara hiyo ina mizizi ya zamani kuliko Uhuru, zamani hata kuliko bibi? Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilifungua safari za kudumu kati ya Japani na Afrika Mashariki. Meli zilikuja na vitambaa, zikarudi na pamba ghafi, hasa ya Uganda. Katika miaka ya 1930 vitambaa vya Kijapani vilivipiku vya Waingereza katika makoloni ya Waingereza wenyewe! Mwaka 1934 London iliweka viwango vya kuzuia nguo za Japani katika makoloni yake mengi, lakini Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuguswa. Sababu ni mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885, ambayo ilitaka mataifa yote yafanye biashara kwa usawa katika eneo hilo. Hivyo mtu wa Usukumani aliyekwenda dukani kununua amerikani aliweza kutoka na kitambaa kilichofumwa Osaka. Kilikuwa cha bei rahisi, na mnunuzi hakuuliza utaifa wake.

Je, wajua kwamba Noah inayokupeleka Lamadi ilianza kama mashine ya kufuma nguo? Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, alitumia maisha yake kuboresha mitambo ya kufumia. Mtambo wake wa mwaka 1924, Type G, ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, hivyo mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mitambo mingi bila kuharibu kitambaa. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki ya kuutengeneza. Mwanawe, Kiichiro, akafungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mitambo hiyo mwaka 1933, na kampuni ya Toyota ikazaliwa rasmi 1937. Suzuki nao ni vivyo hivyo: Michio Suzuki alianza mwaka 1909 huko Hamamatsu kwa kutengeneza mitambo ya kufumia, pikipiki zikaja miaka mingi baadaye.

Angalia zipu ya suruali yako sasa hivi. Ikiwa ina herufi YKK, ni za kampuni aliyoianzisha Tadao Yoshida mjini Tokyo mwaka 1934. Cherehani ya Brother asili yake ni Nagoya, 1908, kwenye karakana iliyokuwa ikikarabati cherehani za watu. Juki, inayopendwa na wenye viwanda vya sare, ni ya Tokyo, 1938. Hata hivyo mfalme wa baraza za Bariadi bado ni ile nyeusi ya pedali, iwe Singer au Butterfly ya Kichina, kwa sababu umeme ukikatika yenyewe haijui habari hizo.

Na tetroni? Ile ya sare za shule na suruali za wazee? Tetron ni jina la biashara la nyuzi za poliesta za makampuni mawili ya Kijapani, Teijin na Toray, yaliyopata kibali kutoka ICI ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Haikunjiki, haichakai, wala hainywi jasho hata tone. Kumvalisha mtoto tetroni tupu mwezi wa kumi ni adhabu asiyostahili. Ikiwa lazima iwe sare, tafuta iliyochanganywa na pamba, na ukiweza pamba izidi.

Tuingie shambani sasa. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na wilaya zake tano, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ndizo kitovu cha pamba ya nchi hii. Je, wajua kwamba mbegu ya UKM08 inayopandwa huku imebeba jina la Ukiriguru, kituo cha utafiti kilicho karibu na Mwanza? Na kwamba pamba yetu ina sifa mbili ambazo wasokotaji wa nje wanazithamini: huchumwa kwa mikono, na sehemu yake kubwa huchambuliwa kwa mashine za rola, ambazo hazizikatikati nyuzi kama zile za misumeno.

Lakini ina doa moja pia, na doa lenyewe linaanzia kwetu. Je, wajua kwamba unyuzi mmoja wa mfuko wa sandarusi, ukidondoka kwenye pamba shambani au ghalani, unaweza kuharibu kitambaa upande wa pili wa dunia? Sandarusi ni plastiki, na rangi ya pamba haiishiki. Jora zima likitoka rangi ya bluu, kauzi hako kanabaki keupe katikati ya kifua cha mtu. Kwa kiwanda kinachotengeneza vitambaa vya hali ya juu, hiyo ni hasara ya mita kadhaa, na mnunuzi anayekumbuka humpunguzia bei aliyemuuzia. Wanaotia mchanga na maji ili mzani upande angalau wanajua wanachofanya. Wa sandarusi wengi hawajui.

Hesabu ya haraka. Shati la mikono mifupi hula mita 2 za kitambaa chenye upana wa sentimita 110. Kitambaa chepesi cha gramu 110 kwa mita ya mraba kitakuwa na uzito wa gramu 242. Weka na zile zinazopotea kwenye kusokota na kufuma, useme gramu 280 za pamba safi. Pamba mbegu ikichambuliwa hutoa nyuzi takriban asilimia 38 ya uzito wake. Kwa hiyo shati hilo limetokana na robo tatu hivi ya kilo ya pamba mbegu. Chukua bei ya kilo kwenye chama chako cha ushirika (AMCOS), chukua na bei ya shati dukani, uziweke pamoja mezani. Mimi nimeshafanya hivyo, na sikuhitaji kikokotoo kujua tofauti inaliwa na nani: msokotaji, mfumaji, mchapaji, msafirishaji na mwenye duka, ambao karibu wote hawako Simiyu, kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka ikiwa haijasokotwa.

Je, wajua kwamba pamba ya Meatu inawafuta maji Wajapani? Tangu mwaka 1994 mradi wa bioRe, ulioanzishwa na kampuni ya Remei ya Uswisi, umekuwa ukifanya kazi na wakulima wa Meatu wanaolima bila mbolea wala dawa za viwandani. Mmoja wa wanunuzi wa nyuzi za mradi huo ni IKEUCHI ORGANIC, kiwanda cha mji wa Imabari, Shikoku, kilichoanza 1953, kwenye mji unaojulikana Japani nzima kwa taulo. Hutumia pamba ya bioRe ya Tanzania na India. Shikoku ndicho kisiwa kile kile cha kitambaa kilichonyeshewa. Kwa hiyo anayetafuta kitambaa cha Kijapani ajue kwamba ndani yake mnaweza kuwa na jasho la jirani yake wa Mwanhuzi, kule Meatu.

Basi umelipata jora, au ndugu aliyeko ng'ambo amekutumia kipande. Kabla ya mkasi, mambo machache.

Jora la asili la kimono lina upana wa sentimita 36 hivi tu na urefu wa mita 12. Linatosha mtu mzima mmoja. Kwa eneo ni karibu sawa na mita 4 za kitenge, lakini usimpelekee fundi ukitegemea gauni la kloshi: hakuna kipande kitakachoenea. Wajapani wenyewe hawakati mviringo. Yukata ni vipande 8 vya mstatili vilivyounganishwa, na hakuna kinachotupwa, wakati ukataji wa kawaida wa nguo huweza kupoteza asilimia 15 ya kitambaa. Gauni la vipande vilivyonyooka, mabega yakishuka, mikono mipana, ndilo linalotoka vizuri zaidi, na ndilo linalopitisha upepo. Usikazane na kiuno.

Loweka kwanza. Pamba hurudi, hasa shashi na vile vya vijikunjo, na ukishona kabla ya kufua utapata gauni la mdogo wako. Kipande chenye rangi ya nili ya asili kifuliwe peke yake: nili hukaa juu ya uzi badala ya kuingia ndani, kwa hiyo itaendelea kutoka kidogo kidogo kwa kusuguliwa. Chumvi kwenye beseni haitaizuia, ingawa kila nyumba ina shangazi anayeapa kwamba huzuia.

Sindano nayo. Ile ya namba 14 au 16 inayokaa kwenye cherehani kwa ajili ya vitenge na sare hutoboa matundu kwenye kitambaa chepesi. Omba namba 9 au 11, na uzi mwembamba. Kuweka alama, mafundi wengine hutumia chaki ya shule, na Maswa wanazo za kutosha kwa kuwa wana kiwanda chake. Ila kwenye shashi chaki ya unga huingia katikati ya tabaka na kukaa humo, afadhali kipande cha sabuni kilichokauka.

Na ukibahatika kupata kitabu cha mitindo cha Kijapani, michoro yake inaeleweka hata bila kusoma herufi moja, kwa sababu kila hatua imechorwa na kuwekewa namba. Ila karatasi za vipimo zilizomo ndani huwa zimechorwa nguo nyingi juu ya nyingine, mistari imepishana kama njia za ng'ombe, na mara nyingi hazina nafasi ya mshono. Chora upya kwenye gazeti, ongeza sentimita 1 hadi 1.5 kila upande na 3 kwenye pindo la chini, ndipo ukate. Usipoongeza, gauni lako atalivaa binti yako wa darasa la sita, tena litambana makwapani.